Ncha ya Pili ya Kilemba

Wazo la zafarani lilikuwa la Nihal Kaur mwenyewe, na alijisifu nalo siku nzima kabla ya safari. Alikitumbukiza kilemba cha mumewe kwenye sufuria la rangi, akakikoroga kwa mti, akakianika kwenye kamba ya uani, kikawaka ua mzima. Kijijini kwao Kotli wanaume walivaa vilemba vyeupe, na wachache vya buluu. Mtu mwenye kilemba cha zafarani angeonekana hata katikati ya shamba la miwa.

"Akipotea huko mjini nitamwona kutoka mwisho wa barabara," alimwambia mkamwana wake Chinder, aliyekuwa anakanda unga wa chapati za safari.

Chinder aliinua kichwa kutaka kusema neno, akalimeza.

"Sawa, Mama," alisema, akaendelea kukanda.

Mume wa Nihal Kaur, Wadhawa Singh, alikuwa na miaka sitini na miwili, mwili wa mtu wa hamsini, na akili iliyokuwa inaondoka kidogo kidogo kwa mwaka wa tatu sasa. Kwanza yalimtoka majina ya ng'ombe, na hilo halikuwa neno. Likafuata jina la mwanawe. Halafu mwaka jana, msimu wa mpunga, aliingia jikoni, akamtazama Nihal Kaur kwa adabu kama unavyomtazama mke wa watu, akauliza, "Mama yuko wapi?" Mama aliyemuulizia alikuwa amekufa tangu kabla nchi haijagawanywa, zaidi ya robo karne nyuma.

Tangu siku hiyo nyumba ikawa ni Mama tu. Mara nyingine Wadhawa alimtafuta huyo mama kila chumba. Mara nyingine, na hili ndilo lililomchoma Nihal Kaur, alimwita yeye. "Mama, nina njaa." "Mama, mvua inakuja, toa nguo." Chinder alimshauri aitike tu, mgonjwa yule, kuna ubaya gani. Nihal Kaur hakuitika hata mara moja.

"Mimi mkeo," alikuwa akimwambia, taratibu, kila mara. "Nihalo, kama ulivyozoea kuniita. Ulinioa mwaka wa mafuriko."

Mama mkwe wake alikuwa mwanamke wa mdomo mkali, aliyeonja mchuzi wake kwa miaka kumi na mmoja bila kusema mzuri hata siku moja. Kufa hakukumtosha, Nihal Kaur aliwaza. Amerudi kumchukua mwanawe, na mimi ananiacha hapa nikiosha vyombo.

Ndiyo maana habari ilipofika kwamba bwawa la hekalu la Amritsar limekaushwa, na kwamba watu wanaitwa kwenda kutoa tope la chini kwa mikono kama ilivyofanywa mwaka wa ishirini na tatu, yeye alikuwa wa kwanza kuomba nafasi kwenye tela la trekta. Wadhawa alikuwepo mwaka ule, mtoto wa miaka kumi na miwili, yeye na mama yake, na miaka hamsini hakuchoka kuisimulia kazi ile. Maji ya pale watu waliyaoga kwa karne nne kwa maradhi yasiyo na dawa. Kama maji yenyewe yaliponya, Nihal Kaur alijiambia, sembuse tope lililolala chini yake muda wote huo. Hakuomba muujiza mkubwa. Majina ya ng'ombe yaende zake. Alitaka jina moja tu, lake, kutoka mdomoni mwa mumewe, mara moja, kabla taa haijazimika kabisa.

Asubuhi ya safari walikunja kilemba uani. Kitambaa chenyewe ni cha hatua sita saba, na mtu mmoja hawezi kukikunja kikakaa. Mmoja hushika ncha huku, mwenzake kule, wanavuta, wanakunja mara mbili, mara nne, mpaka kinakuwa utepe wa kuzungushia kichwa. Miaka arobaini ncha ya pili ilikuwa kazi ya Nihal Kaur. Siku za uharusi wao, nyumba ikiwa na mama mkwe kila kona, pale uani ndipo mahali pekee walipoweza kutazamana bila kusemwa. Na Wadhawa alikuwa na utundu wake. Karibu na kumaliza alikivuta kitambaa ghafla, mkewe akapepesuka hatua moja kumwendea, na yeye akatazama mawingu kama mtu asiyejua lolote. Nihal Kaur alipokwenda kwao kujifungua, mumewe alikuwa akiifunga ncha hiyo kwenye komeo la mlango.

Mikono ya Wadhawa ilikuwa haijasahau. Alikunja vizuri mpaka leo, lakini hakutazama ni nani aliyeshika upande wa pili, na kule kuvuta kwa ghafla kulikwisha tangu ugonjwa ulipoanza. Nihal Kaur aliishika ncha ya zafarani akaona yeye na lile komeo sasa ni mamoja.

Waliteremka Amritsar jua likiwa limepanda. Walivua viatu, wakaosha miguu, wakafunika vichwa, wakapita langoni. Hekalu lile limewekwa chini ya usawa wa mji, hata mkubwa wa watu huteremka ngazi kuingia. Nihal Kaur alikuwa bado ngazi ya tatu alipoliona bwawa, akasimama mdomo wazi.

Kwamba halina maji alilijua. Ambalo hakulijua ni kwamba wanawake wote wa Punjab, kutoka hapo mpaka Patiala, walikuwa wametia vilemba kwenye sufuria la rangi wiki ile ile. Chini pale, toka ukingo hadi ukingo, palikuwa na wanaume maelfu kwa maelfu, na vichwa vyao vilikuwa zafarani tupu. Wachache walivaa buluu, na hao ndio walioonekana.

"Mama," alisema Chinder polepole, "nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Ulipokuwa unakoroga."

"Na nani alikufunga mdomo?"

"Wewe, Mama. Ulikuwa na furaha sana."

Nihal Kaur alicheka bila kutaka. Akamshika mumewe kiganja, akakibana, wakateremka.

Watu walikuwa wamejipanga mistari, wanaume na wanawake, kutoka katikati ya bwawa hadi juu ya ngazi. Wenye majembe walijaza makarai tope, na makarai yakapanda mkono kwa mkono mpaka kwenye matela yaliyongoja nje. Matupu yalirudi kwa mstari mwingine. Katikati ya tope lile nyumba ya dhahabu, hekalu lenyewe, ilisimama na miguu yake wazi, na watu waliokuwa wakipita karibu nayo waliinama wakaugusa msingi ambao mtu huuona mara moja maishani, akibahatika.

Wadhawa alipotia mguu kwenye tope alibadilika. Mgongo ulinyooka. Aliingia mstarini bila kuambiwa, akapokea karai la kwanza, akalipitisha, na papo hapo akaanza kuwafundisha wenzake.

"Usiliweke kifuani," alimwambia mtu wa kushoto kwake, mfanyabiashara mnene wa Delhi mwenye saa ya dhahabu mkononi na tope mpaka magotini. "Liache lipite. Ukilikumbatia utachoka kabla ya adhuhuri."

"Umewahi kuifanya kazi hii, Babu?"

"Jana," alisema Wadhawa.

"Jana ya miaka hamsini," alisema Nihal Kaur kutoka mstari wa wanawake uliokuwa mgongoni mwao.

"Nilikuja na Mama," Wadhawa aliendelea kana kwamba hakusikia. "Mama anasema mji huu ulianza na shimo. Watu wengine huanza na ukuta, au ngome, au soko. Guru wa nne, mwalimu wetu, alianza na shimo. Hapa palikuwa pori, kidimbwi na mikunazi. Akasema chimbeni, na watu wakasimama hivi hivi wakipitishiana udongo. Mfumaji, mshona viatu, mhunzi, na yule aliyekuwa hali chakula kilichoguswa na hao watatu. Ukipokea karai huna nafasi ya kuuliza limetoka mkononi mwa nani. Ukiuliza linakuangukia miguuni."

Watu wa mstari walicheka. Mfanyabiashara akasema, "Endelea, Babu."

"Nyumba zilikuja baadaye, na maduka. Shimo likajaa maji, mwana wa Guru akaweka hekalu katikati ya maji, akalipa milango minne. Mama anasema ni kwa ajili ya waliopotea. Aliyepotea hana akili ya kutafuta mlango. Basi popote atakapotokea, aukute."

Nihal Kaur alikuwa amesimama na karai tupu mikononi, mwanamke wa nyuma yake anangoja. Tangu majira ya baridi mumewe hakuwa amepanga maneno mengi hivyo kwa mfululizo. Furaha ilimjaa akashindwa kuivumilia. Aliinama, akachota tope kidogo, jeusi na la baridi, akampaka mumewe kwenye paji la uso, katikati kabisa, chini ya ukingo wa zafarani.

"Nitazame," alimwambia. "Mimi nani?"

Wadhawa alimtazama sana. Macho yake yalitembea usoni pake kama mtu anayepapasa gizani.

"Mama," alisema, "umenichafua."

Mfanyabiashara alicheka, kicheko cha mtu mwema asiyejua kitu. Nihal Kaur alijifuta kidole kwenye mtandio, akageuka kupokea karai. Alilia kimya. Pale kulia hakukuwa aibu, nusu ya watu walikuwa wanalia, ila wao walilia kwa furaha.

Karibu na saa saba msichana mmoja wa mstari wa wanawake alizimia kwa jua. Nihal Kaur alimpakata kichwa, Chinder akaenda kuleta maji, wengine wakapepea kwa mitandio. Halikuwa jambo la dakika nyingi. Nihal Kaur aliponyanyuka, mahali pa mumewe palikuwa na mwanamume mwingine, kilemba cha zafarani, anapitisha makarai.

"Aliyekuwa hapa yuko wapi?"

"Alijitwisha karai kichwani akapanda nalo. Alisema anakwenda kulimwaga mwenyewe."

Nihal Kaur alipanda zile ngazi roho ikiwa juu. Aliwashika mikono wanaume watano, sita, wakageuka, si yeye. Alikwenda kwenye jiko la hekalu ambako watu walikaa chini mistari kwa mistari wakila dengu na chapati, akainama kuwatazama nyuso hata akaonekana mwenda wazimu. Milango minne ambayo mumewe aliisifu asubuhi sasa ilikuwa njia nne za kumpoteza. Nje kulikuwa na matrekta, vichochoro, stesheni ya gari la moshi, na mtu asiyejua jina la kijiji chake. Asingeweza hata kuomba msaada, maana angeulizwa anatafuta nani, na angemtaja marehemu.

Karibu na lango lenye mnara wa saa palikuwa na meza na kipaza sauti, na mtu aliyekauka sauti kwa kutangaza waliopotezana.

"Jina?"

"Wadhawa Singh wa Kotli."

"Umri?"

"Sitini na miwili."

"Kilemba rangi gani?"

Chinder alitazama pembeni.

"Zafarani," alisema Nihal Kaur.

Mtu wa kipaza sauti aliweka penseli mezani. "Bibi yangu."

"Najua. Usiseme."

Alitangaza hivyo hivyo. "Wadhawa Singh wa Kotli, mkeo anakungoja kwenye kipaza sauti." Sauti ilizunguka bwawa zima. Baada ya muda walikuja Wadhawa Singh wawili. Mmoja alikuwa wa Kotli nyingine kabisa, mkewe alimwacha nyumbani, na alikuja mbio akidhani amemfuata. Alipoona si yeye alishukuru Mungu kwa sauti. Siku nyingine Nihal Kaur angecheka mpaka ashike mbavu.

"Rudia tena?" aliuliza mtu wa kipaza sauti.

"Haji. Huyo hana mke."

"Na wewe ni nani, basi?"

"Mimi ni mkewe miaka arobaini. Yeye ndiye hana mke. Ana miaka kumi na miwili na amekuja na mama yake."

Mtu yule alimtazama Nihal Kaur, akamtazama Chinder, akaelewa. Alivuta kiti akampa akae.

"Niambie niseme nini," alisema.

Nihal Kaur alikijua cha kusema tangu mwanzo. Ndicho alichokuwa anakikimbia kwa kugeuza wanaume wa watu nyuso. Mwaka wa ishirini na tatu Wadhawa alipotea vile vile kwenye umati ule, na mama yake alikuwa amemwambia kabla hawajaingia: ukipotea usinitafute, kaa chini ya mkunazi, nitakuja. Akakaa, naye akaja. Mama mkwe aliisimulia habari hiyo kila baridi, mbele ya moto, akimtazama mkamwana wake kwa pembe ya jicho, kama anayesema kuna mambo ya huyu mwanamume ambayo wewe hutayapata kamwe.

Haya, umeshinda, Nihal Kaur alimwambia moyoni. Nionyeshe tu alipo.

"Sema," alisema, akaacha, akaanza upya. "Sema, Wadhawa, mama yako anakuja. Kaa chini ya mkunazi."

"Ipo mikunazi mitatu humu, Bibi."

"Anaujua."

Mtu wa kipaza sauti alikohoa, na safari hii hakusema kwa haraka. "Wadhawa, mwanangu. Mama anakuja. Kaa chini ya mkunazi." Mistarini vichwa viliinuka. Hakuna aliyecheka. Wanawake wawili watatu walijifuta macho bila kujua tangazo ni la nani, kisha makarai yakaendelea.

Nihal Kaur alizunguka bwawa kuelekea upande wa mashariki, kwenye ule mkunazi wa zamani ambao watu huupelekea maradhi yao. Miguu ilikuwa inauma na marumaru ilikuwa ya moto. Njiani alijizoeza. Ndiyo, mwanangu. Nimekuja, mwanangu. Mara ya kwanza maneno yalikuwa machungu kama shubiri. Mara ya kumi yalikuwa maneno tu. Miezi kadhaa alikuwa amemnyima mtu mgonjwa neno moja jepesi la kumtuliza, na kwa ajili gani? Kwa ajili ya kushindana na marehemu. Aliona aibu. Kama anachohitaji ni mama, atampa mama, mchana na usiku, mpaka mwisho.

Alikuwepo. Alikaa chini ya mkunazi amekunja miguu, kilemba kimemfunguka chote kwa kubeba karai kichwani, kimelala mapajani rundo la zafarani lenye tope. Kichwa chake kilikuwa wazi, mahali pale, mbele za watu wale. Hilo akili yake ilikuwa imelihifadhi vizuri, kwamba ni aibu, maana alikuwa ameziba fundo la nywele zake kwa kiganja kimoja na hakukiondoa. Kando yake alisimama mfanyabiashara wa Delhi, anatoka jasho.

"Bibi, huyu ni wako? Nimemkuta hapa nikitoka kula, hata kabla hawajatangaza. Nimemwambia nimshikie ncha akunje, hataki. Nimesema basi tuifunge kwenye chuma hiki cha uzio, hataki, karibu anipige. Mwanangu naye amejaribu, hataki. Ana saa nzima kichwa wazi hivyo, mtu mzima. Inaniuma."

"Anasemaje?"

"Anasema ncha ina mwenyewe."

Nihal Kaur alikuwa na yale maneno yake tayari mdomoni, *ndiyo, mwanangu*, na alimsogelea mumewe ili ayaseme kabla hajaogopa.

Wadhawa Singh aliinua macho. Hakumwita chochote. Alisimama, akakung'uta kitambaa, akatafuta ncha, akamtupia.

"Umechelewa," alisema. "Shika."

Akaidaka. Wadhawa alirudi nyuma hatua sita na watu wakampisha. Walivuta. Walikunja mara mbili. Nihal Kaur hakuuliza yeye ni nani, aliogopa hata kupumua kwa nguvu. Zafarani ilinyooka kati yao juu ya marumaru, na mfanyabiashara akasogea pembeni akiwa na saa yake na tope lake.

"Fanya haraka," Wadhawa alimwambia kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku, "kabla Mama hajaja."

Walikunja mara ya nne. Utepe ulikuwa tayari, umekaza, hauna kasoro, na Nihal Kaur alikuwa ameinamia ncha yake kwa sababu machozi yalikuwa yanamziba, ndipo kitambaa kikavutwa ghafla na yeye akapepesuka hatua moja mbele.

Alipoinua kichwa, Wadhawa Singh alikuwa anatazama mawingu.